Kupima usingizi wa wanafunzi wa msingi: dodoso au kifaa cha mkononi?

Kipimo_Sahihi: Habari wakuu. Tunapima usingizi wa wanafunzi 120, darasa la tatu hadi la sita. Vifaa vya aktigrafi (vya kuvaa mkononi, vinavyorekodi mtikisiko wa mwili) viko 20 tu. Waliobaki tuwape wazazi wao dodoso la CSHQ (maswali kuhusu tabia za usingizi wa mtoto)? Na kifaa kivaliwe siku ngapi?

Mama_Takwimu: Hivyo ni vipimo viwili tofauti, usivichanganye kwenye safu moja. Mzazi akiulizwa mtoto analala saa ngapi, anataja saa ya kupanda kitandani. Muda wa kugeuka-geuka kabla ya kupitiwa na usingizi haujui, na mtoto akiwa macho usiku wa manane, mzazi naye yuko usingizini. Ndiyo maana saa za wazazi mara nyingi huzidi za kifaa.

CSHQ ilitoka mwaka 2000 kwa watoto wa miaka 4 hadi 10, kwa hiyo darasa la sita wengi wameshapita. Ina maswali 33 yenye alama, na alama 41 ndiyo kizingiti cha kumchunguza mtoto zaidi. Angalia maswali ya kulala kitanda cha ndugu au kumhitaji mzazi chumbani: yanaongeza alama. Nyumba ambayo watoto watatu wanalala kitanda kimoja itaonekana ina tatizo, kumbe ni kawaida yao.

Bora uzungushe vifaa: 20 kwa wiki, wiki sita umemaliza. Ruka wiki za mitihani, na Ramadhani pia, maana daku inakata usingizi.

fundi_data: Siku 7 mfululizo, ili ubaki na angalau 5 zenye data safi. Mkono asioandikia, rekodi ya kila dakika moja, kisha algoriti ya Sadeh (kanuni inayoamua kila dakika kama mtoto amelala au yuko macho). Kifaa kinahesabu mtikisiko tu: mtoto aliyetulia macho makavu kinamwandika amelala, na aliyepigwa teke na mdogo wake kinaweza kumwandika yuko macho. Akikivua kuoga, inasomeka kama usingizi mzito. Kwa hiyo shajara ya kila asubuhi ni lazima: saa ya kuzima taa, ya kuamka, ya kuvua kifaa.

Bibi_Saa: Hapo kwenye shajara ndipo data zinapoharibika. Mama anaandika "saa 3", karani anaingiza 03:00 badala ya 21:00. Chapisha kabisa kwenye fomu "saa ___ usiku" na "saa ___ alfajiri/asubuhi", na uingize kama ilivyoandikwa. Saa zetu hazikatwi na saa sita ya usiku: kulala saa 3, kuamka saa 11, toa, unapata 8 kitandani. Akiamka saa 1 asubuhi, ongeza 12 kwanza.

Kipimo_Sahihi: Asanteni. Wanaokoroma je?

fundi_data: Aktigrafi haioni pumzi. Anayekoroma karibu kila usiku na pumzi kukatika, mpe rufaa kwa daktari. Huyo anahitaji polisomnografi, yaani kipimo cha usiku kucha kinachorekodi pumzi na mawimbi ya ubongo.