Seva ya mchezo tuliouunda wenyewe Kigoma: walio nje hawaingii, walio ndani wanakwama

Mwanaziwa_KG (Kigoma) anauliza:

Salaam wana jukwaa. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kigoma mjini, na tunajenga mchezo wetu wenyewe wa bloku, unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, juu ya Luanti, ile programu huria iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi Oktoba 2024. Tuliichagua kwa sababu mchezaji hahitaji kununua akaunti, simu ya kawaida ya Android inaimudu, na modi zake, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo, huandikwa kwa lugha ya Lua, ambayo mtu aliyewahi kugusa uprogramu hata kidogo anaweza kuisoma akaelewa. Ulimwengu wetu una bandari, stesheni ya reli na meli ya Liemba tuliyoijenga bloku kwa bloku, lakini moyo wa mchezo ni uvuvi wa dagaa. Mchezaji anatoka na mtumbwi jua likizama, anawasha taa, anasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga, kisha anavuta wavu. Na kipindi cha mbalamwezi kikifika hapati kitu cha maana, kama wavuvi wetu wanavyojua.

Seva iko Mwanga, katika ukumbi tunamokutania, kwenye kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye RAM ya GB 8 na mfumo endeshi wa Debian. Waliomo ukumbini wanaingia kwa Wi-Fi ya ruta yetu bila kugusa bando. Matatizo ni haya. Wenzetu wa Kasulu na Tabora hawawezi kuingia kabisa, ingawa nimefungua poti 30000, yaani mlango ambao mchezo unapitia, kwenye ruta kama maelekezo yanavyosema. Pia wachezaji wakifika kumi hivi, mchezo unaganda: unavunja bloku, inatoweka, halafu inarudi palepale. Na umeme ukikatika ghafla, mara nyingine tunakuta sehemu ya ramani imeharibika. Majuzi gati lote lilipotea. Katika faili la minetest.conf tumeweka sqlite_synchronous = 0, kwa kuwa mahali fulani ilielezwa kwamba inaongeza kasi. Tunafikiria kuchangishana tununue kompyuta yenye nguvu zaidi. Je, hiyo ndiyo dawa?

Fundi_Isevya (Tabora) anajibu:

Mdogo wangu, naomba msichangishane kwanza. Kompyuta yenye GB 8 inatosha kabisa kwa watu kumi wa Luanti, na hata mkinunua yenye nguvu mara tatu, wenzenu wa Kasulu wataendelea kubaki nje, kwa sababu kinachowazuia hakimo ndani ya kompyuta.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta yenu, utafute anwani ya IP ambayo mtoa huduma ameipa ruta kwa upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya intaneti, ulinganishe. Zikitofautiana, hasa kama ile ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, basi mko nyuma ya anwani ya pamoja. Anwani za IPv4 duniani ni takriban bilioni 4.3 tu na zilikwisha kugawanywa, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kundi hilo la 100.64 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012. Wewe umefungua mlango wa chumba chako, lakini geti la nje linashikwa na mtoa huduma, na pakiti (kifurushi cha data) ya mgeni ikifika pale hakuna anayejua ni ya chumba kipi. Wengi huhangaika na ruta kwa miezi bila kuambiwa jambo hili, na inasikitisha, maana kulithibitisha ni kazi ya dakika mbili.

Ushauri wangu ni kukodi seva ndogo ya wingu, yaani kompyuta iliyo kwa kampuni na inayofikika kwa intaneti, yenye anwani yake ya umma, lakini mchezo wenyewe uacheni hapo Mwanga. Wekeni WireGuard, programu inayounganisha kompyuta mbili kwa njia ya siri ndani ya intaneti, pande zote mbili, kompyuta ya ukumbini ndiyo ianzishe muunganisho kutoka ndani kwenda nje, na muweke PersistentKeepalive = 25 ili njia isifungwe kunapokuwa kimya. Muunganisho unaoanzia ndani hauzuiwi na ile anwani ya pamoja. Kisha seva ya wingu iagizwe kwamba kila kinachofika kwenye poti 30000 ya UDP ikisukumie ndani ya njia hiyo. Zingatia sana neno UDP, ambayo ni mojawapo ya njia mbili kuu za kutuma pakiti, nyingine ikiwa TCP: wapo wanaofungua TCP peke yake kwa mazoea ya tovuti, na Luanti haipiti huko. Kwa mpango huu walio ukumbini wanaendelea kuingia moja kwa moja bila bando, na walio mbali wanapitia wingu. Mashine ya wingu itakuwa inapitisha pakiti tu, kwa hiyo ile ya bei ya chini kabisa inatosha.

Kuhusu mahali pa kuikodi, msiangalie bei peke yake. Kila kilomita 1,000 za nyuzi za mwanga huongeza takriban milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na pakiti ya kutoka Kigoma kuja huku Tabora mara nyingi haifuati reli, bali huenda kwanza Dar es Salaam. Mashine iliyo Dar, Nairobi au Johannesburg itawapa wachezaji raha kuliko iliyo Ulaya au Marekani, hata kama ile ya ng'ambo inauzwa rahisi.

Binti_Ujiji (Kigoma) anajibu:

Nakubaliana na kaka wa Isevya kuhusu anwani, na nimefurahi mno kusikia kwamba kuna watu wanaandika mchezo wa dagaa. Naomba nijikite kwenye kuganda, kwa sababu nadhani chanzo kimo ndani ya modi yenu.

Je, kuganda huko kunategemea saa za jioni za kwetu, au usiku wa ndani ya mchezo? Luanti isipobadilishwa huendesha muda kwa kasi mara 72, yaani siku nzima ya mchezo hupita kwa dakika 20. Kama mchezo unaganda kwa dakika kama kumi kisha unatulia, halafu unaganda tena, basi ni usiku wa mchezo, yaani ni dagaa. Andika /status kwenye mazungumzo wakati umeganda na wakati umetulia, ulinganishe kiwango cha juu cha ucheleweshaji kinachoonyeshwa. Ukitaka kumjua mhusika kwa jina, weka profiler.load = true kwenye minetest.conf, uanzishe seva upya, wacheze usiku mmoja, kisha utoe amri ya /profiler print. Utaona kila modi imekula muda kiasi gani.

Nakisia, na utanisahihisha nikikosea, kwamba kila dagaa ni kiumbe kinachojitegemea, na kwamba modi inapitia orodha ya dagaa wote katika kila hatua ya seva ili ijue nani yuko karibu na taa ipi. Hatua ya seva kwa kawaida ni sekunde 0.09, yaani mara kumi na moja hivi kwa sekunde. Mitumbwi kumi yenye dagaa sitini kila mmoja ni viumbe 600, na kila kimoja kikisogea, mahali kilipo lazima patumwe kwa kila mchezaji aliye karibu, kwa hiyo hata Wi-Fi inachoka. Hapa ndipo kompyuta mpya isingewasaidia sana: msimbo wa Lua wa modi unaendeshwa kwa uzi mmoja wa prosesa, kwa hiyo kuongeza kore (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) hakuupunguzii mzigo.

Jiulizeni mvuvi anaona nini hasa. Haoni dagaa mmoja mmoja. Anaona maji yanachemka na kumetameta chini ya taa. Basi muonyesheni hilo hilo. Tumieni core.add_particlespawner, ambayo inaagiza simu ya mchezaji ichore vimulimuli vyenyewe bila seva kuvifuatilia tena. Idadi ya dagaa haina haja ya kuwapo hadi wavu unapovutwa: hapo ndipo modi ipige hesabu kwa kuangalia taa imewaka kwa muda gani, kina cha maji, mitumbwi mingine iliyo jirani, na mwezi. Kwa mwezi, core.get_day_count() inakupa idadi ya siku za ulimwengu wenu; ukiigawa ukachukua baki, umepata mzunguko wa giza na mbalamwezi bila kutunza chochote. Taa nayo ikiwa ni bloku, ipe saa yake yenyewe kwa node timer, isiwe ni kitu cha kuulizwa kila hatua.

Baada ya hapo, na si kabla yake, mnaweza kupunguza max_block_send_distance kutoka 12 hadi 8 hivi, na mtoe amri ya /emergeblocks kwa eneo la ziwa mnalolitumia ili ramani iwe imekwisha kuundwa mapema, wachezaji wasiisubiri wanapopiga kasia.

Kuhusu gati: ondoeni ile sqlite_synchronous = 0 leo hii. Maana yake ni kwamba hifadhidata haisubiri diski ithibitishe kwamba imeandika. Inapata kasi kwa kubahatisha, na umeme wa ghafla ndio unaolipisha. Irudisheni kwenye 2, ambayo ndiyo chaguo-msingi. Na kama kuna mwenye kompyuta mpakato ya zamani, hata kioo kikiwa kimepasuka, mradi betri bado inashika, hamishieni seva humo, maana betri yake ni UPS (akiba ya umeme wa dharura) tayari na inakula umeme kidogo kuliko ya mezani.

Mwalimu_Kasulu (Kasulu) anajibu:

Ninasimamia seva ndogo ya wanafunzi, na ningeongeza mambo ambayo hujitokeza mara tu milango ya nje inapofunguka.

Amri ya /ban katika Luanti humfungia mtu kwa anwani yake ya IP. Kwa mpango wa kaka wa Isevya, kama seva ya wingu itabadilisha anwani za wageni kabla ya kuzisukuma ndani, wachezaji wote wa nje wataonekana wana anwani moja, na siku mtakapomfungia mkorofi mmoja mtakuwa mmeifungia Tabora nzima. Hata bila wingu, wateja wa kampuni moja ya simu wanaweza kuwa nyuma ya anwani moja. Tumieni modi ya kufungia kwa jina, na wekeni disallow_empty_password = true, kwa sababu katika Luanti anayelitumia jina wa kwanza ndiye anayeweka nywila yake. Mgeni msimpe haki ya kujenga papo hapo: acheni default_privs iwe shout peke yake, aweze kuzungumza na kujitambulisha, kisha mmoja wenu ampe interact kwa /grant. Watoto wengi watakuja, na kazi ya kuwalinda na lugha chafu ni yenu.

La pili ni bando. Mtu akiingia kwa mara ya kwanza, simu yake inapakua picha na sauti zote za modi zenu. Safari inayofuata anapakua zilizobadilika tu. Wenzangu wa hapa hununua data kwa MB, kwa hiyo picha za bloku zibaki pikseli 16 kwa 16, na sauti ziwe za OGG zenye chaneli moja, ambayo ndiyo inayotakiwa hata hivyo ili sauti isikike kutoka upande wake. Muungurumo wa injini ya mtumbwi hauhitaji dakika nzima. Sekunde mbili zinazojirudia zinatosha.

Mwanaziwa_KG anarejea:

Nawashukuru sana, kaka, dada na mwalimu. Anwani ya ruta yetu inaanza na 100.72, kwa hiyo suala hilo limekwisha kueleweka. Na dada wa Ujiji umelenga: profiler inaonyesha modi ya dagaa imechukua sehemu kubwa mno ya muda wa kila hatua, na mchezo unatulia kunapokucha ndani ya mchezo. Tumeanza kuiandika upya kwa vimulimuli. Fedha za mchango zitakodi seva ya wingu, na tumepata kompyuta mpakato ambayo betri yake bado ni nzima. Swali moja limebaki: je, ninaweza kunakili map.sqlite, faili linalohifadhi ramani, kila usiku wakati watu bado wanacheza?

Binti_Ujiji anajibu:

Usiinakili kwa cp, amri ya kawaida ya kunakili faili, wakati seva inaandika, maana unaweza kupata nakala ambayo nusu yake ni ya kabla na nusu ni ya baada. Tumia amri hii, ambayo ni salama hata wachezaji wakiwamo:

sqlite3 map.sqlite ".backup chelezo.sqlite"

Fanya hivyo hivyo kwa players.sqlite na auth.sqlite, unakili pia world.mt na folda la modi zenu, uziweke kwenye cron (kipanga-ratiba cha Debian) saa ambayo watu ni wachache, na nakala moja ikae nje ya ukumbi, kwa mfano kwenye ile seva ya wingu. Kisha chukua nakala mojawapo, uifungue kwenye kompyuta nyingine, uingie ndani utembee hadi gatini, kabla hamjawaalika watu wa Tabora.