Umeajiriwa na mkandarasi: kazi za pembeni upige, uache, au uombe ruhusa?

FundiWaya
Wakuu, nipo kwa mkandarasi wa umeme. Mshahara unaingia kwa wakati, bosi hana neno. Shida ni simu: huyu anataka soketi mbili jioni, yule anataka nyumba nzima kwa wikiendi. Naona njia tatu. Nibaki na ajira tu, nipige pembeni kimyakimya kama wengi wetu, au nimweleze bosi anipe ruhusa. Kuacha kazi nijitegemee bado sijafikia huko. Ipi ina unafuu?

BombaMoja
Kimyakimya, kaka. Umeajiriwa kwa saa, hukununuliwa. Saiti ikisimama bosi anakwambia "pumzika kwanza, nitakupigia", na hakuulizi watoto watakula nini. Wateja wa pembeni ndio wanaokuvusha.

MzeePatasi
Saa ni zako kijana, sikatai. Mteja je, ni wa nani? Ukimtengenezea jirani yako mlango, nani atakusema? Lakini mwenye nyumba akikuvuta kando katikati ya kazi ya kampuni, "hii veranda nifanyie wewe, tumwache bosi", hapo unauza mali ya mwenzako.

Na usidhani usipokatazwa kwenye mkataba basi umepona. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1946, ya kampuni ya Hivac. Mafundi wake walitumia muda wao wa mapumziko kumfanyia mshindani kazi ileile waliyoajiriwa kuifanya. Hapakuwa na ushahidi kwamba wametoa siri yoyote, lakini Mahakama ya Rufani ilimzuia yule mshindani asiendelee kuwatumia. Kila nchi na sheria zake, ila nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinaitazama hivyo hivyo: mfanyakazi ana wajibu wa uaminifu hata usipoandikwa.

BombaMoja
Mzee umetupeleka mahakamani kwa soketi mbili 😂

SaitiNiYangu
Mimi ni mkandarasi mdogo, mtanivumilia. Fundi akipaka rangi chumba cha shemeji yake Jumamosi, sina habari naye. Ninachokiona mimi ni Jumatatu asubuhi, mtu yuko juu ya ngazi macho mekundu, hajalala. Akianguka, ajali ni ya kwangu.

Halafu mabaki. Kipande cha waya wa 2.5 kinaingia kwenye begi kwa sababu "kingetupwa tu". Wiki inayofuata ni nusu roli. Mashine ya kuunga kwa joto mabomba ya plastiki ya PPR inaondoka Ijumaa inarudi Jumatatu, vichwa vyake vya moto vimeganda plastiki iliyoungua, joto halishiki sawasawa. Fundi wa zamu anaunga kiungo kibovu kwenye saiti yangu, vigae vinawekwa juu, na maji yanatokeza baadaye kwenye ukuta wa mteja wangu. Nani anabomoa vigae? Mimi.

DadaRangi
Kuna jambo mnalikwepa. Bima ya kampuni kwa kawaida inafunika kazi za kampuni. Kazi ya pembeni ikiunguza nyumba uko peke yako, na kama umesaini kwa leseni ya bosi bila yeye kujua, umejiongezea kesi ya pili. Kwa umeme ningeogopa zaidi kuliko rangi. Rangi ikibabuka napaka tena. Ethi, yaani waya wa ardhini, isipounganishwa hakuna anayejua mpaka mtu apigwe shoti.

Mimi niliomba ruhusa. Tulikubaliana kwamba wateja wa kampuni siwagusi, na kazi ndogo ambazo bosi hazitaki ni zangu. Sasa ananitumia yeye mwenyewe watu wa chumba kimoja, maana kwake hazilipi hata mafuta ya gari.

BombaMoja
Bosi wako dada ni wa kipekee. Wengine ukiomba tu, ushaonekana unataka kuhama, na kazi nzuri anapewa mwingine.

DadaRangi
Ndiyo, hiyo hutokea. Usiombe wiki saiti imebana. Na bosi wa namna hiyo akikufuma kimyakimya atakuwa mpole?

FundiWaya
Naegemea ruhusa. Nimeandika hivi: "Bosi, naomba nifanye kazi ndogo za watu binafsi nje ya saa za kazi. Sitagusa mteja wa kampuni, sitatumia jina wala leseni yako, na vifaa nitanunua mwenyewe." Kuna kilichopungua?

SaitiNiYangu
Vifaa vya kupimia. Usipime kazi yako kwa mita ya kampuni bila kuandika imetoka lini na imerudi lini. Bora ununue mita yako ya insulesheni, ile inayopima kama waya unavujisha umeme, kabla ya kuchukua nyumba nzima. Na useme mteja akikupigia saa nne asubuhi breka inaanguka na umeme unakatika, utafanyaje, maana hilo ndilo nitakalouliza la kwanza.

FundiWaya
Hilo la saa nne sikuliwaza. Naongeza kwamba marekebisho ni jioni tu, na mteja ataambiwa kabla hajalipa.