Mafundi, acheni kuuza thamostati ya baridi kama dawa ya Kitonga

Wakuu, hili limezidi. Kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Uyole, bredauni (gari la kuvuta magari yaliyoharibika) ikichemsha kwa kupandisha lori mlima wa Kitonga kule Iringa, jibu la gereji nyingi ni moja: toa thamostati ya nyuzi 82, funga ya 71 inayofunguka mapema zaidi, au itoe kabisa uitupe. Mwenye gari analipa, anarudi barabarani, hedi gasketi (kizibo kati ya kichwa na bloku ya injini) inaungua, halafu anaambiwa injini ilishachoka!

Thamostati haipozi injini. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta (kipoozeo cha maji ya injini) mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Namba iliyogongwa kwenye ukingo wake, 76.5, 82 au 88, ni nyuzi inazoanza kufunguka, na huwa wazi yote zikiongezeka kumi na kitu hivi. Sasa bredauni iko gia ya pili, inavuta tani za mtu mwingine, geji ya joto imepita 100. Hapo ya 82 ilishafunguka yote kitambo, na ya 71 ingekuwa wazi vilevile. Maji ni yaleyale, rejeta ni ileile. Ulichonunua ni kuanza mlima ukiwa na nyuzi chache pungufu, basi. Ukichemka kwa kuwa rejeta imezidiwa, utachemka tu, umechelewa kidogo.

Wanaoitoa kabisa wanaharibu zaidi. Kwenye injini nyingi za dizeli, thamostati ina kisahani cha chini ambacho ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kuiona rejeta, na gari linachemsha kuliko lilivyokuja gereji.

Na mnasahau mnafanyia kazi wapi. Makambako, Njombe, Uyole mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, na bredauni inashinda imeegeshwa ikisubiri simu. Ikiwa na thamostati ya 71 au bila kitu, inakimbia tupu kilomita nyingi ikiwa vuguvugu. Dizeli haiungui vizuri, inatoa moshi mweupe, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni na laini za silinda zinalika, oili inajaa tope. Gari za kisasa zenye kompyuta ndiyo kabisa: kompyuta inadhani injini bado haijapasha, inaendelea kuongeza mafuta.

Kabla hujagusa thamostati, tafuta joto linakwama wapi. Pima hozi ya juu na ya chini ya rejeta gari likiwa limepata moto na mzigo. Tofauti ikizidi nyuzi 20, maji yanapita polepole: pampu imelika au mirija ya rejeta imejaa chokaa ya maji ya kisima. Tofauti ikiwa ndogo na zote zinaunguza, hewa ndiyo haibebi joto. Hapo angalia vumbi na majani kati ya rejeta na intakula (kipoozeo cha hewa inayoingia injini), uoshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Angalia kava ya feni kama ipo, maana wengi huivua wakashindwa kuirudisha. Feni klachi (klachi inayoshika feni) ikiwa ya moto na injini imezimwa, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe raundi kadhaa, imekufa. Mkanda uukandamize kwa kidole gumba, ushuke milimita 10 hadi 15.

Mfuniko wa rejeta ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa presha ya 0.9 unapandisha kiwango hicho karibu nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, maji yanaanza kuchemka injini ikiwa bado katika joto la kawaida, na fundi analaumu thamostati! Winchi nayo isivutishwe injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma chinichini bila kukanyagwa mafuta. Ipandishe mpaka mizunguko 1,000 au 1,200 kwa dakika ili feni na pampu zifanye kazi.

Kama mtengenezaji wa injini yako ameorodhesha 76.5 mbadala wa 82, funga, lakini funga kwa utaratibu. Acha ipoe, mwaga maji mpaka yashuke chini ya nyumba ya thamostati, kwangua gasketi ya zamani yote. Upande wa springi uelekee injini, na kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikae juu kabisa. Kikikaa chini, hewa inanasa kwenye hedi na thamostati inachelewa kufunguka. Injini yenye thamostati mbili, badili zote, namba moja. Weka gasketi mpya, usimwage silikoni, mabonge yake yanaziba mirija. Jaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi taratibu, hita ikiwa wazi, washa mpaka hozi ya juu ipate moto, kisha ongeza.

Ukiijaribu kwenye sufuria, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto. Ya 76.5 utaiona ikifunguka karibu yote. Lakini ya 88 kwa Mbeya haitafunguka yote kwenye sufuria ya wazi, kwa kuwa maji yanachemka kabla hayajafika huko. Kuna thamostati nzima zinatupwa kwa jaribio hili.

Tunachotaka wenye magari: risiti iandikwe namba ya nyuzi iliyofungwa, na thamostati ya zamani mturudishie mkononi. Msipoandika, hatulipi.