Mrejesho: neva ya sauti kabla ya upasuaji wa rovu
Niliuliza kama vipimo vya picha vingeweza kuonyesha mapema kwamba neva ya sauti ya mama imepita njia isiyo ya kawaida. Daktari wa upasuaji alieleza kuwa neva yenyewe ni nyembamba mno, hivyo hutazamwa mishipa ya damu: ateri ya mkono wa kulia ikichipuka moja kwa moja kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na kupita nyuma ya umio, neva ya upande huo haishuki kifuani kuizunguka, bali hukatiza shingoni kuelekea kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. CT skani ya mama ilionyesha hali hiyohiyo. Amekwisha kufanyiwa upasuaji, neva ikapatikana ilipotarajiwa, na sauti yake, hata ile ya kunikemea, haijabadilika.