Ukoo Mmoja, Kelele Marufuku

*Jumatano*

[18:02] Shangazi: Jamani, Ijumaa ni siku ya Kitinda. Jukwaa huria, anaimba nyimbo alizotunga mwenyewe, si za kukopa. Nataka kujua nani anakuja, nani anabeba watu na nani analeta gitaa. Jibuni humu humu, msinifuate pembeni.

[18:03] Shangazi: Orodha ya waimbaji inafunguliwa kesho saa 12 jioni mtandaoni. Anayewahi ndiye anayechagua nafasi. Sitaki mtoto aimbe wa mwisho huku viti vinakunjwa.

[18:31] Shangazi: Naona tiki za buluu kumi na moja na jibu hata moja hakuna.

[18:40] Vituko: Mama, mimi ni wa kumi na mbili. Nimezima buluu.

[18:41] Shangazi: Wewe utarekodi. Na ukijirekodi uso wako tena kama kwenye ile shughuli, nakutoa kwenye kikundi.

[18:44] Kitinda: Shikamooni wote. Kila mtu anapewa nyimbo mbili au dakika 10, zikiisha dakika unashuka. Nimejipima kwa simu: wa kwanza dakika 4 na nusu, wa pili unakaribia 5. Nikianza kusimulia tu nilivyoutunga nimeshazidisha.

[18:46] Shangazi: Basi usisimulie. Na hapo katikati tia wimbo mmoja unaojulikana, watu waitikie.

[18:47] Kitinda: Shangazi, muda uko wapi? Halafu nimekwenda kuimba zangu.

[18:47] Shangazi: Watu hawaitikii wasichokijua.

[18:55] Kaka Mitambo: Wanaitikia, wakikisikia mara ya pili. Kitinda, ule mwanzo wa gitaa tupu ukate. Fika kwenye kiitikio kabla ya dakika moja. Nusu ya watu pale wamekuja kumsikiliza ndugu yao tu, akishuka wanaanza kupiga soga.

[18:56] Vituko: Ndio sisi hao.

[18:59] Kaka Mitambo: Mengine. Maiki usiizibe kichwa kwa kiganja, itapiga mluzi. Usiielekeze kwenye spika, hata ukiwa umeishika tu unangoja zamu. Nyuzi mpya funga leo, si Ijumaa, maana zikiwa mpya zinalegea na utakuwa unakaza kila ubeti. Na gitaa la kuchomeka lina betri ndani, ile ya volti 9. Waya ukilala umechomekwa, betri inaisha hata kama hupigi.

[19:00] Kitinda: Kaka, hilo gitaa la kuchomeka ninalo?

[19:01] Shangazi: Ehe, hapo ndipo nilipotaka tufike. Baba Mdogo, upo?

[19:20] Shangazi: Baba Mdogo.

[19:43] Baba Mdogo: Nipo. Gitaa liko kwa fundi.

[19:43] Shangazi: Tangu siku ya kengele?

[19:44] Baba Mdogo: Dada, usianze.

[19:44] Vituko: 🔔🔔🔔

[19:44] Shangazi: VITUKO

[19:52] Baba Mdogo: Kabla ya gitaa, na mimi niulize langu. Huo wimbo wa pili ndio ule wa "mlango"?

[19:53] Kitinda: Ndio, Baba Mdogo.

[19:55] Baba Mdogo: Kiitikio kile nilikipiga mimi, pale kwenye ngazi, wengi humu mlikuwepo. Leo nasikia "nyimbo alizotunga mwenyewe". Nasema tu.

[19:58] Kitinda: Ulipiga sauti bila maneno. Na sauti yenyewe ilikuwa nusu, ukaacha.

[19:58] Baba Mdogo: Nusu ni nusu.

[20:01] Vituko: Mjomba, nusu ya dakika 5 ni mbili na nusu. Utapanda mwenyewe au utamtuma mdoli wa pacha?

[20:04] Shangazi: Ndivyo alivyosema hata kwa lile shairi langu, nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Mara hii sinyamazi.

[20:05] Baba Mdogo: Shairi limeingiaje hapa?

[20:05] Shangazi: Unajua lilivyoingia.

[21:15] Dada Mkubwa: Samahanini, ndio natoka kazini. Ijumaa nitakuja ila nitachelewa. Kuhusu haki: kwenye nchi zilizomo ndani ya Mkataba wa Berne wa haki za watunzi, ule wa 1886, mtunzi hangoji cheti ndipo awe mtunzi. Na maneno na sauti vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Kaeni chini, muandike nani kafanya nini, tarehe, sahihi. Kitinda, rekodi yako ya kwanza ya simu usiifute hata kama ina kelele.

[21:16] Vituko: 1886 ndio mwaka Mjomba alioanza kudai.

[21:16] Kaka Mitambo: 😂

[21:17] Vituko: Sahihi yake ipo kwenye ule mkataba, angalieni vizuri.

[21:20] Baba Mdogo: Chekeni.

[21:38] Kitinda: Rekodi ninayo. Sauti yake imo na sijawahi kumkatalia. Ila nami nimekaa na wimbo huu miezi, hakuna aliyeniuliza umefikia wapi.

*Alhamisi*

[06:12] Shangazi: Baba Mdogo, nipe namba ya fundi nimfuate mwenyewe.

[07:50] Mama Pacha: Habari za asubuhi. Ndio naona ujumbe. Wifi, gitaa si liko juu ya kabati? Jana tu pacha wametumbukiza mdoli ndani.

[07:51] Vituko: 🙈

[07:52] *Mama Pacha amefuta ujumbe huu*

[07:52] Shangazi: Nimeshausoma.

[07:53] Kaka Mitambo: Ndani wapi, kwenye tundu?? Mdoli ana ukubwa gani?

[07:54] Vituko: Ulizeni kama anaimba.

[09:30] Bibi: Ni mimi bibi yenu naandikiwa na jirani. Nimesomewa yote mpaka hiyo kengele. Gitaa marehemu alimwachia atakayelipiga si atakayelilaza. Jua lisizame halijafika kwa mtoto. La kiitikio mje wote wawili mbele yangu. Mpaka mje wimbo huo usiimbwe.

[11:47] Baba Mdogo: Nimesikia, Mama.

[11:49] Kitinda: Shikamoo Bibi. Nimesikia. Ila Bibi, kuimba ndio kesho. Naweza kuja leo jioni?

[12:30] Shangazi: Mama amepumzika, msimpigie. Nitamuuliza mimi.

[16:20] Baba Mdogo: Mdoli nimemtoa. Ila daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limenyanyuka upande wa nyuzi nene, ukucha unapita chini yake.

[16:21] Kaka Mitambo: USITIE GUNDI YA HARAKA. Legeza nyuzi zote sasa hivi ulilete lilivyo. Hilo linataka gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha, kwa kesho silioni. Nitaulizia jingine la kuazima kazini. Sijaahidi.

[16:23] Vituko: Kwa hiyo mpaka sasa aliye tayari ni mdoli.

[16:25] Shangazi: Nitakuja huko nikutie makofi. Tupange: Kaka gitaa. Vituko simu. Dada Mkubwa akichelewa asimame nyuma, asipite mbele ya jukwaa na pochi zake. Baba Mdogo na Kitinda kwa Mama. Saa ngapi?

[16:58] Shangazi: Saa ngapi nimeuliza.

[17:35] Baba Mdogo: Niko njiani na gitaa. Nikilifikisha napita kwa Mama, kama ameamka.

[18:04] Kitinda: Nimejiandikisha, nafasi ya nne. Wimbo wa kwanza nimeandika jina. Wa pili nimeweka kistari.

[18:05] Shangazi: Kistari ndio nini sasa? Mama bado amelala.

[18:06] Kitinda: Ndio kistari, Shangazi.

[18:19] Dada Mkubwa: Pochi zangu zimefanyaje?

[18:41] Baba Mdogo: Kitinda, pale niliposhindwa ulimaliziaje? Mimi nilikuwa nashusha.

[18:43] Kitinda: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:14)

[18:50] Baba Mdogo: Ulipandisha.

[18:52] Shangazi: Mambo yenu mkayaseme mbele ya Mama. Mimi swali langu la jana halijajibiwa: nani anabeba watu?

[19:37] Mama Pacha: Watoto wanaruhusiwa?