Ayerosoli ya Baraka

Kikundi: Familia Nyawera, Bukavu

[16:48] Mama Baraka: Tantine Neema, mambo ya huko? Nimefika Kigali salama. Naandika hapa kikundini ili Papa Safari na Yaya Espe wanisahihishe nikisahau kitu. Ayerosoli ya Baraka, zile dawa za mapafu anazovuta kama ukungu, ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwanza salbutamoli kwa chemba (kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa), mipulizo 2. Mngoje dakika 10 mpaka 15. Halafu seramu ya chumvi ya 7%, ampuli nzima ya ml 4, kwa kikombe cha mashini cha boksi nyekundu. Halafu mazoezi ya kifua. Mwisho tobramisini, ile antibiotiki, ampuli nzima ya ml 5, kwa kikombe cha boksi ya buluu. Leo ni siku ya 19 kati ya 28. Siku 28 zikiisha anapumzika nayo siku 28 zingine, lakini chumvi na mazoezi havipumziki.

[16:55] Tantine Neema: Asanti mama. Lakini tobramisini si ndiyo dawa yenyewe? Kwa nini isianze, mtoto akiwa bado na nguvu?

[17:01] Yaya Espe (kine, wa mazoezi ya kifua): Tantine, mukovisidozi, ugonjwa wa kurithi alio nao Baraka, inafanya makohozi yawe mazito, yanashika kwenye njia za hewa kama gundi. Ukipuliza antibiotiki juu yake, inabaki juu juu, chini haifiki. Salbutamoli inafungua njia. Chumvi inavuta maji kuingia kwenye njia za hewa, makohozi yanalegea. Mazoezi yanayatoa. Ndipo tobramisini inakuta mahali pa kufanyia kazi. Na chumvi ikitangulia bila salbutamoli inaweza kumbana kifua. Ukisikia filimbi kifuani, zima mashini, umpigie daktari. Hivyo hivyo akitema damu.

[17:03] Yaya Espe (kine): Kwa mazoezi usimwambie "kohoa". Atachoka bure na koo litamuuma. Mpe kile kioo kidogo, avute hewa taratibu, ashike kidogo, kisha aipulize kwa mdomo wazi, "haaa", kioo kishike ukungu. Mara 3, apumzike kwa pumzi za kawaida, arudie. Makohozi yakifika juu yenyewe, hapo akohoe mara moja au mbili, ateme.

[17:06] Tantine Neema: Nimetoa boksi ya ampuli. Hizi za tobramisini zina rangi ya manjano. Zimeharibika?

[17:09] Papa Safari (farmasi): Hapana. Umanjano kidogo ni rangi yake, na ikikaa nje ya frigo inazidi kukolea. Angalia tarehe. Mahali pake ni frigo, digrii 2 mpaka 8, ndani ya boksi yake kwa sababu haipendi mwanga. Umeme ukikatika usihangaike: mahali pasipozidi digrii 25 inavumilia mpaka siku 28. Usiiweke karibu na mbabula (jiko la makala). Na usiichanganye na chumvi kikombe kimoja ili umalize haraka. Kati ya dozi mbili za tobramisini yafaa saa 12, zisipungue 6. Akisema masikio yanalia ngiii, tujulishe siku ileile.

[17:15] Tantine Neema: Vikombe nitaosha na vinegre (siki), nilisikia inaua vijidudu.

[17:21] Papa Safari (farmasi): Vinegre hapana, Tantine. Haitoshi kwa kijidudu kinachoitwa Pseudomonas, na huyo ndiye tunayemwogopa. Anapenda maji maji. Tone moja likibaki ndani ya kikombe usiku kucha, asubuhi mtoto anamvuta moja kwa moja mapafuni. Kila ukimaliza, papo hapo kabla dawa haijakauka, fungua kikombe vipande vyote, osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, suuza. Halafu mara moja kwa siku uchemshe.

[17:24] Papa Safari (farmasi): Kuchemsha ni hivi: sufuria ambayo haipikii sombe wala samaki. Maji mengi, vipande vielee. Maji yakipungua plastiki inagusa chini, inayeyuka. Saa unaihesabu maji yakianza kububujika kweli kweli. Maelezo yanasema dakika 5 au zaidi. Huku kwetu, mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo mimi nasema 10. Mpira mrefu wa hewa hauchemshwi wala hauoshwi.

[17:26] Mama Baraka: Mpira ukionyesha matone ndani, utoe kwenye kikombe, uache mashini ipulize hewa tupu dakika chache mpaka ukauke. Na vikombe usifute na kitambaa cha jikoni! Nawa mikono, vitandaze kwenye taulo safi, vifunike na ingine, vikauke vyenyewe.

[17:27] Tantine Neema: Nimesikia. Naweka maji kwenye makala sasa.

[19:12] Tantine Neema: Mama Baraka! Mashini inanguruma, chumvi iko ndani, lakini ukungu hautoki. Ni umeme mdogo?

[19:13] Mama Baraka: Umeme mdogo ungefanya ukungu mwembamba, angemaliza dakika 30 badala ya 15. Kukosa kabisa ni kitu kingine. Mpira umeingia mpaka mwisho pande zote mbili?

[19:14] Tantine Neema: Umeingia.

[19:14] Papa Safari (farmasi): Fungua kikombe. Katikati unaona kale kapande kadogo kama kofia, kanakokaa juu ya tundu la hewa?

[19:16] Tantine Neema: Hakapo. Kako chini ya sufuria!

[19:17] Papa Safari (farmasi): Ndiko kanakovunja maji kuwa ukungu. Nawa mikono, kakaushe hewani, kabonyeze kakae sawa. Ampuli ileile itumike, lakini ikiwa ulimwaga, fungua mpya.

[19:18] Yaya Espe (kine): Baraka akae wima, kikombe kisilale. Meno juu ya kile cha mdomoni, midomo ifunge, apumue kwa mdomo, si kwa pua. Akilia au akiongea, dawa inaishia hewani.

[19:25] Tantine Neema: Ukungu umetoka, mwingi.

[19:37] Tantine Neema: Sasa mashini inatematema, na kuna kitone chini.

[19:38] Mama Baraka: Gonga ubavu wa kikombe kwa kidole, matone yashuke, aendelee. Ikirudi kutematema, zima. Kitu kama ml 1 kinabaki siku zote. Mwaga, usikiweke kwa ajili ya asubuhi.

[19:41] Tantine Neema: Nimezima. Amekamata kioo.