Tupeane uzoefu: mto ulipofura, bima ililipa au haikulipa?

Mwana wa Mto (Kisauni)

Wanajamvi, hamjambo. Mimi naishi Kisauni lakini kwetu ni Ngao, Kaunti ya Tana River, na mamangu yuko huko hadi leo. Kwa wasioujua Mto Tana: kwetu mafuriko huja jua likiwaka. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, bwawa la Masinga linajaa na kumwaga, na yaliyo chini yake, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hayana tena pa kuyaweka maji. Siku kadhaa baadaye mto unafura Garissa, kisha Hola, kisha sisi wa mwisho. Mtu ameanika mpunga uani, mbingu haina wingu, na jioni maji yako kizingitini.

Novemba 2023, mvua za El Niño, yaliingia nyumbani kwa mama. Tukakarabati sakafu, tukanunua magodoro, tukapanda migomba upya. Aprili 2024 yakarudi. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa pale Lango la Simba, nami niko huku Mombasa, pesa ninazo kwenye simu, lakini huko aliko hakuna duka lenye unga. Wiki tatu alilala darasani na majirani. Sikupata usingizi siku zile.

Sasa nauliza habari za bima. Ajenti wa kwanza alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja kuta za udongo na paa la makuti, akafunga daftari. Wa pili akasema tukijenga ya mawe turudi tuzungumze. Kabla sijajenga nataka kusikia kwenu: nani alikuwa na bima maji yalipoingia, na alilipwa? Aliyenyimwa, alinyimwa kwa neno gani? Visa vyenu wenyewe tafadhali, si vya kusikia.

Mama Duka (Jomvu)

Pole sana kwa mama, mwanangu. Mimi nilinyimwa, tena nilikuwa nalipa kila mwaka bila kuchelewa.

Duka langu liko bondeni. Nilipochukua mkopo niliambiwa lazima stoki iwe na bima, nikatia sahihi, nikaweka karatasi kabatini. Ile Novemba maji yalifika rafu ya pili. Sukari, unga, sabuni ya unga, vyote uji. Nikaenda na picha na risiti zangu. Yule kijana wa bima alinifungulia karatasi yangu mwenyewe akaniwekea kidole: moto, radi, wizi wa kuvunja. Mafuriko hayamo. Bima ya moto yenyewe kwa kawaida haibebi maji; mafuriko ni kitu cha kuongezwa, kinaandikwa kwa jina lake na kinalipiwa zaidi. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyenieleza pia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mkopo niliulipa vivyo hivyo. Sasa nimeongeza, na neno mafuriko nimelisoma kwa macho yangu, pamoja na kile kiasi ninachobeba mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa.

Fundi Mstaafu (Mikindani)

Mimi nililipwa. Nusu.

Nyumba yangu niliikadiria milioni 2 ili malipo ya mwaka yawe mepesi. Kumbe kuijenga upya leo ni kama milioni 4. Ukuta wa nyuma ukaenda na maji pamoja na sakafu, hasara ya laki 6. Aliyetumwa kukadiria akapima, akasema: umeweka bima nusu ya nyumba, basi hasara nayo tunalipa nusu. Laki 3, na bado wakatoa kile kiasi cha kubeba mwenyewe. Nilikasirika sana, lakini imeandikwa. Mwana wa Mto, ukijenga Ngao kumbuka kuhesabu na gharama ya kufikisha saruji na mabati huko. Hapo ndipo thamani inapokosewa.

Jambo jingine. Bima ya jengo haihusu vilivyomo ndani. Vitanda, friji, cherehani, hivyo vina fungu lake.

Dereva wa Usiku

Yangu fupi. Gari la kazi, bima kubwa, si ile ya mtu wa tatu (ile hailipi gari lako hata likizama lote). Maji yalifika kwenye viti. Asubuhi yalipopungua nikapiga stata ili niliondoe barabarani. Injini ilikuwa imenyonya maji, vyuma vya ndani vikapinda. Walilipia viti na waya, injini wakakataa, kwa sababu aliyeiua ni mimi nilipowasha. Gari likizama msiwashe. Livuteni.

Mfugaji (asili Bura, sasa Changamwe)

Wengi wetu huchanganya hapa. Familia yetu ilikuwa kwenye ule mpango wa serikali wa bima ya mifugo ulioanza 2015 na baadaye ukafika Tana River, serikali ikilipia mifugo ya kila kaya iliyoandikishwa. Maji yaliposomba mbuzi wa baba, wazee walisema tuna bima. Haikuwa ya maji. Ile ilitazama malisho kwa setilaiti. Nyasi zikipungua chini ya kiwango, ililipa. Mwaka wa mafuriko nyasi ni kijani kibichi kila mahali, kwa hiyo kwenye setilaiti mwaka ule ni wa neema, na baba amebaki na fimbo. Siulaumu mpango, wakati wa ukame ulikuwa msaada mkubwa. Lakini mtu wa ukingo wa mto alihitaji kuambiwa mapema kwamba ulikuwa wa ukame tu.

Binti wa Likoni (sasa yuko Marekani)

Huku ninakoishi ni kaunti ya mashambani, mto uko nyuma ya shule. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko huku pia. Kuna mpango wa serikali kuu tangu 1968, na mwenyeji anaweza kuununua ikiwa tu mji au kaunti yake imejiunga na inasimamia sheria za kujenga bondeni. Mwisho wa malipo kwa jengo la makazi ni dola 250,000, vyombo dola 100,000. Na kwa kawaida haianzi kazi mpaka zipite siku 30. Jirani yangu aliinunua alipoona mto unapanda. Maji yakamkuta siku ya tisa. Waulizeni watu wenu wa bima swali hilo: inaanza lini?

Mwana wa Mto (Kisauni)

Nawashukuru kwa dhati. Nimempigia mama nikamsomea yote. Kuhama hataki, na simlazimishi: tope linaloachwa na mto ndilo linalootesha mpunga wake. Tumekubaliana tuanze na chumba kimoja cha mawe, msingi wake upite alama ya maji ya 2024 iliyobaki ukutani, mbegu na stakabadhi zikae humo. Migomba sijapata wa kuiwekea bima, aliyepata aniambie. Na anayejua kama wenye takaful, yaani bima ya Kiislamu, wanachukua mafuriko ya mtoni, maana jirani zetu Waislamu wameniomba niwaulizie.

Mama Duka, nakuomba unitumie yale maneno ya mafuriko kama yalivyoandikwa kwenye karatasi yako mpya. Jumatatu narudi kwa yule ajenti wa pili, nataka niyaweke mezani nimuulize kama ya kwake yanasema vivyo hivyo.